Benaco: Maendeleo yanalipiwa na nani?

Kwa muda mrefu sasa binadamu amejijengea imani kwamba kila anachokifanya kwa akili yake ni bora kuliko alichokikuta duniani. Mto uliozuiwa kwa saruji huhesabiwa kuwa bora kuliko mto unaojiendea. Samaki aliyeletwa kutoka mbali huhesabiwa kuwa bora kuliko samaki wa asili ya ziwa. Kilima kilichochimbwa huhesabiwa kuwa na faida kuliko kilima kilichosimama. Imani hiyo imeota mizizi kiasi kwamba neno "maendeleo", katika taarifa nyingi za kazi na katika masomo mengi ya darasani, limekaribia kuwa na maana moja tu: kukiondoa kilichokuwapo na kuweka kingine mahali pake.

Wapo pia wenye imani iliyo kinyume cha hiyo. Hao husema kwamba maumbile yakiachwa yenyewe ni mema, na kwamba binadamu ndiye mharibifu. Imani zote mbili zina upungufu, na mahali pazuri pa kuzipima si katika miji mikubwa ya dunia, bali ni katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mahali panapoitwa Benaco.

JINA LA BARABARA

Benaco imo wilayani Ngara, Mkoa wa Kagera, kandokando ya barabara itokayo daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda, kuelekea Lusahunga wilayani Biharamulo. Jina lake halikutokana na Kihangaza wala Kishubi, lugha za wenyeji wa wilaya hiyo. Ni jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara katika sehemu hizo. Kampuni ilimaliza kazi yake ikaondoka, nalo jina likabaki. Kwa hiyo hata kabla ya mwaka 1994, Benaco palikuwa ni mahali palipotambulishwa na kazi ya mikono ya binadamu kuliko na vilima na nyasi zake.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba halikupata kuona umati mkubwa namna hiyo ukivuka mpaka kwa muda mfupi kiasi hicho. Watu hao walipewa mahali pa kukaa Benaco kwa sababu palikuwa na barabara na palikuwa na maji. Katika muda wa siku chache pori likageuka kuwa mji uliokuwa mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania, mji wa mahema ya plastiki, usio na shamba wala kiwanda. Baadaye zilifunguliwa kambi nyingine, kama vile Lumasi, Musuhura na Lukole, na wakimbizi wa wilaya ya Ngara wakawa wengi kuliko wenyeji wao.

Yafaa itazamwe kwa makini jinsi mji huo ulivyoendeshwa, kwa kuwa ulikuwa ni kazi ya utaalamu wa hali ya juu. Malori yalileta mahindi, maharage na mafuta ya kupikia kutoka mbali. Wataalamu walikokotoa kiasi cha chakula anachohitaji mtu mmoja kwa siku, wakapima lita za maji, wakahesabu vyoo, wakapanga njia za kugawa mgawo. Kila kitu kilichohitaji fedha kiliandikwa. Lakini mahindi makavu na maharage hayaliwi mabichi. Lazima yachemshwe, tena kwa saa nyingi, na moto wa kuyachemshia haukuandikwa katika hesabu ya kwanza. Moto huo ulitoka katika miti iliyoizunguka kambi, na miti hiyo haikuwa na bei.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1996, wakati wakimbizi wa Rwanda na Burundi katika Mkoa wa Kagera walipokuwa zaidi ya 600,000, kuni zilizoteketezwa zilizidi tani 1,200 kwa siku. Eneo la misitu lililoguswa na ukataji huo lilifikia kilomita za mraba 570, na kati ya hizo kilomita za mraba 167 ziliharibiwa vibaya sana. Mgawo wa chakula haukuwa na nyama, kwa hiyo wanyama wa mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi wakawindwa kwa wingi. Baadaye yalikuja majiko yanayotumia kuni chache, watu wakafundishwa kulowesha maharage kabla ya kuyabandika jikoni, na juhudi zikafanywa kuhifadhi miti iliyosalia. Hatua hizo zilikuwa nzuri, lakini zilikuja wakati vilima vilivyo karibu vimekwisha kuwa vipara.

Ni wajibu kusema waziwazi kwamba lawama hapa si ya mkimbizi. Mama aliyekata mti ili awachemshie watoto wake maharage hakuwa na njia nyingine. Wala si lawama ya wenyeji wa Ngara, ambao walipokea umati uliozidi idadi yao wenyewe na kugawana nao visima, zahanati na ardhi. Kasoro ilikuwa katika hesabu. Hesabu iliyokadiria mahindi kwa gramu ikasahau kuni kwa tani ilikuwa ni hesabu iliyodhani kwamba kitu kisicho na bei hakina gharama.

RADIO NA KITAMBULISHO

Kabla ya kuendelea na habari za miti, lazima liulizwe swali ambalo mara nyingi hupitwa: watu hao walikimbia nini? Walikimbia nchi ambamo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yakiendelea, pamoja na vita vilivyofuatana nayo. Na miongoni mwa waliovuka walikuwamo pia wale wenye damu mikononi. Mauaji hayo hayakuwa kazi ya watu wa porini wasioguswa na ustaarabu. Yalitumia vyombo vya maendeleo. Vitambulisho vilivyotaja kabila la mtu vilianzishwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, kwa nia iliyoelezwa kuwa ni ya kuweka utawala katika utaratibu. Miaka 60 baadaye, kwenye vizuizi vya barabarani, karatasi hiyo ilisomwa ili kuamua nani aishi na nani afe. Redio, chombo ambacho kilitazamiwa kumletea mkulima elimu na habari za soko, ilitumiwa kuchochea chuki na kutangaza majina ya watu wa kuuawa.

Mwezi Mei 1994 maiti zilionekana zikiporomoka katika maporomoko ya Rusumo. Mto Kagera ulizichukua hadi Ziwa Victoria, na nchini Uganda ikabidi zikusanywe na kuzikwa kando ya ziwa. Mto haukuuliza kabila lao.

Hata hivyo, watu wazima wa Tanzania wanakumbuka redio ya namna nyingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na kutokana na masomo hayo vyoo vikachimbwa kwa wingi, nyasi zikafyekwa na madimbwi ya mbu yakafukiwa. Chombo ni kilekile. Nchi moja ilikitumia kuchimbia vyoo, na nchi jirani, miaka 21 baadaye, ilikitumia kuchimbia makaburi. Kwa hiyo anayeuliza kama maendeleo yameyaboresha maumbile lazima aulize pia kama yameyaboresha maumbile ya binadamu mwenyewe. Jibu la Rusumo ni kwamba chombo kipya hakileti moyo mpya. Mtu akipewa redio pasipo utu, ubaya wake hupata sauti kubwa zaidi.

MAUMBILE NAYO SI MAMA

Baada ya kusema hayo, msomaji anaweza kudhani kwamba hoja inaelekea upande wa wale wanaotaka binadamu ayaache maumbile yajiendeshe. Sivyo. Miezi mitatu tu baada ya Benaco kufunguliwa, mwezi Julai 1994, umati mwingine mkubwa zaidi uliingia Goma, mashariki ya nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Huko maumbile yalikuwa na sura nyingine. Ardhi ya Goma ni mwamba uliotokana na volkano. Jembe haliingii, choo hakichimbiki, kisima hakipatikani. Watu walikunywa maji ya ziwa bila kutiwa dawa. Kipindupindu na ugonjwa wa kuhara damu ukawashika, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000.

Ngara ilipata udongo unaokubali jembe, na ilipata pia muda na watu waliojua la kufanya. Magonjwa yalikuwapo, na ya kuhara yaliua watu, lakini msiba wa kiasi cha Goma haukutokea. Klorini ndani ya maji, chanjo ya surua, na pakiti ya chumvi na sukari ya kumnywesha mtoto anayeharisha, vyote hivyo ni matunda ya akili ya binadamu, na hakuna mti wala mto uliowahi kuvitoa vikiwa tayari. Anayesema kwamba maumbile yakiachwa yatamtunza binadamu na asimame kwenye mwamba wa Goma aseme hivyo.

Lakini itazamwe vilevile jinsi dawa hiyo ya chumvi na sukari inavyofanya kazi. Wataalamu waligundua kwamba utumbo wa mgonjwa, hata unapopoteza maji kwa wingi, bado unaweza kuyafyonza iwapo sukari na chumvi vitaingia pamoja kwa kipimo sahihi. Hawakuuumba utumbo upya, wala hawakushindana nao. Waliijua kanuni ambayo mwili ulikuwa nayo tangu awali, wakaifuata. Hayo ndiyo maendeleo ya kweli, na inafaa yatofautishwe na yale ya kuvunja kanuni na kumwachia mwingine alipe.

PORI AMBALO LILIKUWA KIJIJI

Kuna jambo jingine katika historia ya sehemu hizo ambalo huwachanganya wote wawili, anayeyasifu maendeleo na anayeyasifu maumbile. Msafiri anayepita leo kati ya Ngara na Biharamulo huliona pori na kudhani kwamba limekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Historia inaonyesha vingine. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika ya Mashariki kutoka nje, uliua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa nchi za maziwa makuu. Njaa na ndui vikafuata, vita vya wakoloni vikaongeza dhiki, na idadi ya watu ikapungua. Mahali palipokuwa na malisho pakaota vichaka. Vichaka vikaleta mbung'o. Mbung'o wakaleta malale. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1977, alieleza kwa kirefu jinsi wakulima na wafugaji wa Tanganyika kabla ya wakati huo walivyokuwa wakiyatawala mazingira yao kwa kulima, kulisha na kuchoma majani kwa wakati wake, na jinsi utawala huo ulivyovunjika.

Baadaye serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka sehemu zenye malale, na sehemu zilizoachwa zikawa mapori makubwa ya wanyama. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 4,700. Hifadhi hiyo ni mali ya taifa na inastahili kulindwa. Lakini ni vyema mwalimu anapowafundisha wanafunzi habari zake asiwaambie kwamba binadamu hakupata kuishi huko. Awaambie kwamba mchungaji aliyejua siku ya kuchoma majani na siku ya kuyaacha alikuwa mtaalamu kwa kipimo chake, na kwamba utaalamu wake haukuitwa maendeleo kwa sababu tu haukuwa na cheti.

Kwa hiyo si kweli kwamba maumbile yako upande mmoja na binadamu upande mwingine. Wameishi katika nyumba moja muda wote. Swali linalobaki ni la kodi ya nyumba hiyo.

MALIPO HUENDA KWA JIRANI

Deni la maumbile lina tabia ya kutolipwa na aliyelikopa. Maji ya sehemu hizo yanatosha kulithibitisha jambo hilo. Mto Ruvubu, utokao Burundi, huingia Kagera karibu na Rusumo. Kagera huingia Ziwa Victoria. Na ziwa huanzisha safari ya Mto Nile. Kinachotendwa mlimani Ngara hakibaki Ngara.

Gugumaji ni mfano mmoja. Asili ya mmea huo ni Amerika ya Kusini, na ulisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake wakayapanda katika mabwawa ya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umekwisha kuingia Ziwa Victoria, na Mto Kagera uliendelea kuuleta mwingine kutoka juu. Mvuvi aliyeshindwa kuutoa mtumbwi wake ufukweni kwa sababu ya gugumaji hakuwahi kuiona bustani wala ua lenyewe. Yeye alikabidhiwa deni tu. Na dawa iliyofaa zaidi ilikuwa nini? Katika miaka ya 1990 waliachiliwa fukusi walao mmea huo, wadudu ambao nao asili yao ni Amerika ya Kusini. Binadamu aliuhamisha mmea akamwacha adui yake nyuma, kisha ikambidi amfuate.

Sangara ni mfano wa pili. Samaki huyo alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 kwa hoja kwamba ziwa lilikuwa na furu wengi wadogo wasio na thamani, na kwamba afadhali wageuzwe kuwa samaki mmoja mkubwa. Kwa miaka mingi ilionekana kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika miaka ya 1980 sangara wakazaana ghafla, na aina nyingi za furu, ambazo hazikupatikana mahali pengine popote duniani, zikatoweka. Viwanda vya samaki vikajengwa Mwanza na kwingineko, fedha za kigeni zikapatikana, vijana wakapata kazi. Faida hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Lakini furu alikuwa akianikwa juani tu akakauka, ilhali sangara ana mafuta mengi. Hakauki juani, hana budi kukaushwa kwa moshi wa kuni. Hapo miti ya pwani ya ziwa ikaanza kulipia samaki aliyeletwa. Na minofu ilipopanda ndege kwenda Ulaya, wananchi wengi wa kando ya ziwa waliachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa.

Katika mifano yote miwili, na katika ule wa kambi, jambo ni moja. Maumbile yalikuwa yakifanya kazi fulani bure: jua lilikausha samaki, wadudu walizuia gugu, miti ilishika udongo na kutunza chemchemi. Binadamu akaiondoa kazi hiyo bila kuiandika, akaandika faida peke yake. Ilipofika siku ya kulipa, aliyepokea faida alikuwa amekwisha kwenda zake.

YALIYOPO MEZANI SASA

Haya si mambo ya kale. Katika sehemu hizohizo kuna kazi mbili kubwa za wakati huu zinazostahili kutazamwa kwa jicho hilo.

Ya kwanza ni umeme wa maporomoko ya Rusumo. Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kwa pamoja kituo chenye uwezo wa megawati 80, ambao hugawanywa sawa kwa nchi tatu. Katika mipango ya awali lilifikiriwa bwawa ambalo lingefurisha sehemu za bonde na kuwahamisha watu wengi zaidi. Mpango uliojengwa hatimaye ni ule wa kuyatumia maji ya mto yanavyotiririka, bila kulizamisha bonde. Uamuzi huo wa kupunguza tamaa ya bwawa ni maendeleo sawasawa na mitambo yenyewe. Na pale mtoni, ambapo mwaka 1994 zilipita maiti, leo nchi tatu zinagawana umeme kwa mafungu yaliyo sawa. Hilo nalo si jambo dogo.

Ya pili ni nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwezi Oktoba 2021 kwa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ya Tanzania ina hisa za asilimia 16. Nikeli inatakiwa sana duniani kwa ajili ya betri za magari ya umeme, ambayo yanatarajiwa kupunguza moshi katika miji ya nchi tajiri. Hapo hesabu ya Benaco inarudi kwa sura mpya. Mawe yenye nikeli ya aina hiyo yana salfaidi, na salfaidi ikitolewa chini ya ardhi ikakutana na hewa na mvua hutoa tindikali. Kanuni hiyo ya kemia hufundishwa katika shule za sekondari. Haina siri wala siasa. Inaweza kudhibitiwa, na duniani yapo machimbo yanayoidhibiti, lakini kuidhibiti kuna gharama, na gharama hiyo huendelea miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Kama haitaandikwa leo, italipwa na mkulima anayechota maji mtoni, ambaye hatapanda gari la umeme maishani mwake.

Hakuna busara katika kuukataa mgodi kwa sababu tu ni mgodi. Ngara ina vijana wanaohitaji kazi, na nchi inahitaji fedha za hospitali na shule. Lakini hakuna busara pia katika kuukubali kwa hesabu ya upande mmoja. Hewa safi ya mji wa mbali si maendeleo iwapo imenunuliwa kwa maji machafu ya kijiji cha karibu.

SHINYANGA ILIPOJIREKEBISHA

Anayetaka mfano wa hesabu iliyofungwa vizuri hana haja ya kwenda ng'ambo. Si mbali na Biharamulo, katika Mkoa wa Shinyanga, misitu ilifyekwa kwa miaka mingi ili kuwaondoa mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Kila hatua iliitwa maendeleo. Hatimaye ng'ombe wakakosa malisho, kina mama wakapikia samadi na mabua, na watu wakaanza kuliita eneo lao jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mwanzoni mradi ulitegemea kuotesha miche kwenye bustani na kuigawa. Kisha wataalamu wakajifunza kuwasikiliza wazee wa Kisukuma, waliokuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho na kuifunga wakati wa mvua ili ipate kupumzika na kutumika wakati wa kiangazi.

Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu yeyote. Ilichipua kutoka katika mizizi iliyokuwa imelala udongoni ikingoja kuachwa. Kazi ya binadamu ilikuwa kutunga sheria ndogo za kijiji, kuteua walinzi wa jadi na kuzishika ahadi. Kazi ya maumbile ilikuwa kuota. Kila mmoja alifanya kile anachokiweza kuliko mwenzake, na hakuna aliyemzidi mwingine.

WAJIBU WA OFISI NA DARASA

Watumishi wa serikali na walimu ndio wanaobeba kalamu ya hesabu hizo. Ofisa anayeandika taarifa ya robo mwaka huandika miche iliyopandwa. Ni wachache wanaoandika miche iliyo hai baada ya miaka mitatu. Huandika mita za mabomba yaliyotandazwa, asiandike chemchemi zilizokauka juu ya bomba. Huandika tani zilizosafirishwa, asiandike kilichobaki nyuma. Hakuna anayesema uongo katika taarifa za namna hiyo, ila zina safu moja pungufu. Safu hiyo ni ya kazi iliyokuwa ikifanywa bure, na ya jina la yule atakayeifanya kwa jasho lake baada ya mradi kupita.

Mwalimu naye anaweza kuijaza safu hiyo akilini mwa watoto. Darasa la Benaco lina kitabu kilicho wazi nje ya dirisha. Wanafunzi wake wanaweza kuhesabu visiki na miti iliyochipua upya, kuwauliza wazee majina ya miti kwa Kihangaza na Kishubi, na kutambua ni ipi iliyorudi na ni ipi isiyorudi. Somo hilo halihitaji fedha, na mtoto atakayelipata hatadanganywa kwa urahisi na neno "maendeleo" atakapokuwa ofisa.

Mwalimu Nyerere alipata kuwakumbusha Watanzania kwamba barabara na majumba si maendeleo yenyewe, bali ni vyombo vya maendeleo, na kwamba maendeleo ni ya watu. Benaco inaongeza neno moja tu juu ya hilo: watu hao hawaishi hewani. Wanaishi juu ya udongo unaohitaji mizizi, na karibu na maji yanayohitaji msitu.

Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliondoka Ngara, wakirudi kwao kwa barabara ileile na daraja lilelile. Malori ya mashirika nayo yakaondoka, na takwimu zao zikahifadhiwa katika majalada ya miji ya mbali. Waliobaki ni wenyeji na vilima vyao. Hao ndio waliolipa, ingawa si wao waliokopa. Kabla jiwe la Kabanga halijapakiwa kwenda sokoni, wenye kalamu wilayani, mkoani na wizarani wanao wajibu wa kuhakikisha kwamba safari hii jina la mlipaji limeandikwa mapema, na kwamba si la wananchi wa Ngara tena.